Eugene Parker na saitesheni zake: namba ipi niamini? Naomba msaada wenu

Plazma_Mchanga

Wakuu habari za muda huu, kuna jambo linanisumbua na naomba wenye uzoefu wa utafiti mnisaidie. Niko masta ya fizikia, supavaiza wetu katoa kazi ya semina, kila mtu achague mwanasayansi mmoja wa fizikia ya jua aeleze alichapisha nini na machapisho yake yamerejelewa kiasi gani, yaani saitesheni, h-indeksi na vitu vya namna hiyo. Mi nikamchagua Eugene Parker wa Chuo Kikuu cha Chicago, yule aliyetabiri upepo wa jua mwaka 1958, yaani chembe zinazomiminika kutoka kwenye jua muda wote, na baadaye NASA wakakipa chombo jina lake, Parker Solar Probe, kikarushwa Agosti 2018 na mzee mwenyewe yupo palepale anakiangalia kinapaa. Alifariki Machi 2022 akiwa na miaka 94.

Sasa shida inaanzia hapa. Nikiingia Google Scholar napata namba moja, nikienda ADS ambayo watu wa astronomia wanaitumia napata nyingine, Scopus nayo ina ya kwake. Halafu mwenzangu darasani kamchagua mtu ambaye bado yupo kazini, yuko kwenye timu kubwa za satelaiti, kila mwaka jina lake linatokea kwenye pepa kibao, anachapisha mwaka mmoja kiasi ambacho Parker alikuwa anachapisha miaka kadhaa, na ananiambia namba ndo namba, huyo mzee wako ni historia tu. Imenikera kusema kweli maana kila nikifungua kitabu cha fizikia ya jua nakutana na Parker, mara msokoto wa Parker, mara modeli ya Parker, mara Sweet na Parker, sasa inakuwaje mtu ambaye jina lake limejaa hivyo aonekane wa kawaida kwenye jedwali?

Naomba kujua namba ipi ya kuamini, na kama kuna namna ya kuonesha uzito wa mtu kama huyu bila watu kuona nazikwepa namba. Natanguliza shukrani.

KoronaMoto

Mkuu umechagua mtu sahihi kabisa, ngoja nikueleze maana hii habari naipenda.

Kabla ya kugusa namba yoyote ielewe kwanza pepa yenyewe ya 1958, ile iliyotoka Astrophysical Journal. Wakati ule Parker ana miaka 31, ni mhadhiri kijana tu Chicago. Kulikuwa na mambo mawili ambayo watu walikuwa wanayaangalia kila moja peke yake. Ludwig Biermann kule Ujerumani alikuwa anachunguza kwa nini mkia wa gesi wa nyota yenye mkia siku zote unaelekea upande wa kulikimbia jua, hata nyota yenyewe iwe inakwenda wapi, akasema lazima kuna chembe zinatoka kwenye jua muda wote zinausukuma. Upande mwingine Sydney Chapman anasema korona ya jua, yaani tabaka lake la nje la gesi, ina joto kali sana, zaidi ya digrii milioni moja, kwa hiyo inatanuka mpaka mbali kabisa hadi kuifunika dunia, ila imetulia tu, haiendi popote. Parker akajiuliza hivi vitu viwili vinawezaje kukaa sehemu moja kwa pamoja, chembe zinapita kwa kasi katikati ya gesi iliyotulia na yenye sumaku? Haiwezekani. Akafanya hesabu akaona korona yenye joto lile haiwezi kutulia, lazima imiminike nje, inaanza polepole karibu na jua halafu inaongeza kasi mpaka inapita kasi ya sauti, inafika mamia ya kilomita kwa sekunde.

Akaipeleka jaridani. Wapitiaji wawili wakaikataa, mmoja akasema kabisa huyu jamaa aende maktaba akasome kwanza kabla ya kuandika mambo haya. Mhariri alikuwa Subrahmanyan Chandrasekhar, ndiye huyohuyo wa Nobeli ya 1983, na yeye mwenyewe wazo hakulipenda. Ila Parker alimwambia kitu kimoja, kwamba hao wapitiaji hawajaonesha kosa lolote la hesabu. Chandrasekhar akaangalia, kweli kosa hamna, akaipitisha. Sasa wewe fikiria, katika wiki hiyo ungeambiwa umpime Parker kwa maoni ya wataalamu wa fani yake angepata sifuri, na ungeambiwa umpime kwa saitesheni za pepa hiyo angepata sifuri pia kwa sababu haijatoka.

Na ilipotoka haikupokelewa kwa shangwe, watu walibishana nayo. Joseph Chamberlain alileta modeli yake ya kitu cha polepole zaidi, sio upepo bali kijiupepo tu. Kilichomaliza ubishi ni vipimo. Warusi walipata dalili kwa vyombo vya Luna mwaka 1959, halafu 1962 Mariner 2 ya Marekani ikiwa njiani kwenda Zuhura ikapima kwa miezi ikakuta upepo unavuma muda wote bila kukatika, kasi ya kilomita kama 300 mpaka 800 kwa sekunde. Marcia Neugebauer na Conway Snyder ndo waliochapisha matokeo hayo. Kuanzia hapo hakuna aliyebisha tena.

Ndo maana nasema ukiichora saitesheni ya pepa hii mwaka kwa mwaka utajifunza zaidi kuliko kutaja jumla. Jumla inakuficha kila kitu.

Na kuna jambo jingine watu wanalisahau. Kazi ikishakubalika sana watu wanaacha kuirejea. Leo mtu anaandika pepa ya hali ya anga za juu anasema "upepo wa jua" mara arobaini, anasema "msokoto wa Parker" kuelezea jinsi sumaku ya jua inavyojipinda kwa sababu jua linazunguka huku upepo unatoka, na hairejei pepa ya 1958 hata mara moja, kwa sababu kila msomaji anajua. Hiyo yote haihesabiwi popote. Mwanasayansi wa kawaida anatajwa kwenye orodha ya marejeo, mkubwa sana jina lake linageuka kuwa nomino ndani ya sentensi, na mashine ya kuhesabu haisomi sentensi.

Mama_Satelaiti

Plazma_Mchanga mdogo wangu, swali lako la namba lina jibu la kiufundi, tulimalize hilo kwanza.

Kwa fani hii tumia ADS. Inaendeshwa na watu wa Smithsonian kule Harvard kwa hela za NASA, na ina majarida ya astronomia mpaka ya zamani sana, wameyaskani. Google Scholar inachukua kila kitu inachokiona mtandaoni, tasnifu, ripoti, hadi slaidi za watu, kwa hiyo namba yake lazima iwe kubwa. Scopus na Web of Science zinachagua majarida ya kuingiza na Scopus kwa miaka ya zamani marejeo yake ni machache, na mtu kama Parker kazi zake kubwa ni za miaka ya 50 na 60, unaona mwenyewe itakuwaje. Sio kwamba kuna mmoja anadanganya, kila mmoja anahesabu kitu tofauti. Wewe chagua mmoja, andika kwenye slaidi umechagua upi na tarehe uliyoangalia, basi.

Kingine ni jina. Ukitafuta "Parker, E" peke yake utabeba na akina Parker wengine ambao hawahusiani kabisa na jua. Andika "Parker, E. N." halafu pitia orodha kwa macho. Ukiweka alama ya ^ mbele ya jina inakupa pepa ambazo yeye ndiye mwandishi wa kwanza. Halafu bana matokeo yabaki yaliyopitiwa na wapitiaji tu. Hili la majina kwa Parker ni dogo, ila kwa watafiti wa Kichina ambao majina yao ya ukoo ni Wang, Li au Zhang ni balaa, na fani ya jua Wachina wako wengi na wanafanya kazi nzuri sana, ndo maana siku hizi kuna ORCID, kila mtu na namba yake.

Sasa sikiliza hii ndo itakusaidia na mwenzako. ADS ukifungua sehemu ya vipimo kuna saitesheni za kawaida na kuna zilizogawanywa kwa idadi ya waandishi. Parker aliandika mamia ya pepa na nyingi ziko kwa jina lake peke yake. Zikigawanywa kwa waandishi, yeye hapungui sana. Mtu ambaye yuko kwenye pepa za watu thelathini, hamsini, anapungua vibaya mno. Fanya hiyo kwa wote wawili uweke pembeni kwa pembeni. Hapo hukwepi namba, unaleta namba nyingine.

Mkaguzi

Naomba nitofautiane kidogo na wakuu waliotangulia, kwa heshima.

Tunapenda sana kusema namba hazisemi kitu, ila mimi nimekaa kwenye kamati za kupandisha watu vyeo na nawaambia bila namba kinachobaki ni nani anamjua nani. Kijana katoka chuo kidogo, hana mjomba, supavaiza wake hana jina, kitu pekee kinachomtetea ni kwamba watu wasiomjua kule Ubelgiji na Japani wameisoma kazi yake wakaitumia. Hiyo ni saitesheni. Tusiibeze.

Na hao wa timu za satelaiti tusiwadharau. Chukua SDO, chombo cha NASA cha kuliangalia jua kilichorushwa Februari 2010, kina kifaa kinaitwa AIA kinachopiga picha za jua kwa chaneli kumi, picha za pikseli 4096 kwa 4096, na nyingi kati ya chaneli hizo zinapiga kila sekunde 12 tu. Pepa inayoeleza kifaa hicho ilitoka jarida la Solar Physics mwaka 2012, mwandishi wa kwanza James Lemen, na imerejelewa maelfu ya mara. Kwa nini? Kwa sababu kila anayetumia picha hizo anairejea, ni kama kivuko cha Kigamboni, kila anayevuka anakata tiketi. Watu wanasema hiyo sio saitesheni ya wazo. Sawa, lakini wale watu walitumia miaka kujenga kile kitu, wakakipima, wakakirusha, na data wameziacha bure kwa dunia nzima, leo mwanafunzi yeyote wa hapa kwetu mwenye laptop na bando anaweza kufanya utafiti wa jua kwa data zilezile anazotumia profesa wa Stanford. Huo mchango ni mdogo? Mi nasema hapana.

KoronaMoto

Mkaguzi hapo kwenye vifaa nakuunga mkono asilimia zote, na hakuna aliyewadharau. Ninachosema ni kwamba saitesheni ya kifaa na saitesheni ya wazo ni vitu viwili vinavyobeba jina moja, ukivijumlisha unapata namba ambayo haikuambii huyu mtu alifanya nini.

Na h-indeksi ndo inachanganya zaidi. Jorge Hirsch aliileta 2005, ukiwa na h ya 20 maana yake una pepa 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20. Nzuri kwa kuona mtu anafanya kazi mfululizo. Lakini pepa iliyorejelewa mara elfu kadhaa na iliyorejelewa mara 90, kwa mtu mwenye h ya 60, zina uzito uleule, zote ni moja moja. Yaani pepa iliyobadilisha fani nzima inahesabiwa kama kipande kimoja. Kwa Parker hilo ni kumpunja waziwazi.

Plazma_Mchanga

Asanteni sana, dada Mama_Satelaiti nimefanya ulivyosema nikagawanya kwa waandishi na picha imebadilika kabisa, mwenzangu mwenyewe kanyamaza.

Ila wakuu kuna kitu kimeniganda kichwani. Pepa ya Parker ya 1957, ile ya mistari ya sumaku kukatika na kuungana upya, inarejelewa sana tu. Halafu nasoma kwenye notsi zetu kwamba modeli hiyo ya Sweet na Parker ni ya polepole mno, haiwezi kueleza milipuko ya jua. Sasa kitu ambacho hakielezi kilichokusudiwa kinarejeleweje hivyo? Nikiulizwa hilo kwenye semina nitajibu nini?

Mama_Satelaiti

Hilo swali zuri kuliko la kwanza.

Mwaka 1956 Peter Sweet alieleza kwenye mkutano wa Stockholm kwamba sehemu mbili zenye sumaku za mielekeo tofauti zikisukumwa pamoja kunatokea tabaka jembamba katikati na hapo mistari inaungana upya na kuachia nishati. Parker alikuwepo, akachukua lile wazo akalifanyia hesabu inatokea kwa kasi gani. Jibu likawa baya. Mlipuko wa jua unaachia nishati yake kwa dakika, na hesabu zile kwa hali ya korona zinatoa muda mrefu kupita kiasi. Parker mwenyewe aliliona na akalisema wazi, hakuficha.

Na thamani yake iko hapohapo. Alionesha kwa namba kabisa pengo liko wapi na lina ukubwa gani, na watu wakatumia miaka zaidi ya sitini kujaribu kuliziba. Kila anayeleta njia ya haraka lazima ajilinganishe na ile ya polepole, kwa hiyo anairejea. Ukikaa na hizo pepa utaona nyingi zinairejea ili kusema "sisi tumeipita". Saitesheni haimaanishi makubaliano, inamaanisha huwezi kuzungumza jambo hili bila kupitia hapa.

Sasa cheki hii. Aliyekuja na njia ya haraka ya kwanza maarufu ni Harry Petschek mwaka 1964. Unajua alichapisha wapi? Sio jarida kubwa. Ni kwenye kitabu cha mkutano wa milipuko ya jua kilichochapwa na NASA, namba SP-50. Kitabu cha mkutano! Na kwenye kitabu hichohicho kuna makala ya Carmichael, ambaye ndiye herufi ya kwanza ya modeli ya CSHKP, modeli ya milipuko inayoitwa kwa herufi za majina ya walioijenga, ambayo najua mmefundishwa. Kwa kanuni za vyuo vingi leo, makala ya mkutano isiyo kwenye jarida lenye impakti fakta, yaani wastani wa saitesheni za makala za jarida, haina pointi hata moja. Mbili kati ya kazi zinazorejelewa sana kwenye fizikia ya milipuko ya jua zisingempandisha mtu cheo.

Mkaguzi

Hapo Mama_Satelaiti umegusa kidonda. Hiyo ya kuhesabu jarida badala ya kazi na mimi naipinga, na kuna azimio la San Francisco, DORA, lilianzia mkutano wa Desemba 2012, linasema wazi impakti fakta ya jarida isitumike kumpima mtu mmoja mmoja. Vyuo vingi duniani vimesaini. Kusaini ni kitu kimoja na fomu za kamati kubadilika ni kingine.

Nyota_ya_Asubuhi

Nasoma tu pembeni ila naomba niongeze mmoja ambaye hesabu zote hizi zinamkosa. Annie Maunder wa kituo cha kuangalia nyota cha Greenwich, Uingereza. Alikuwa amesoma hesabu Cambridge, akaajiriwa kupima madoa ya jua kwa mshahara kiduchu, alipoolewa na Walter Maunder mwaka 1895 ikabidi aache kazi kwa sababu sheria za ajira za wakati ule hazikuruhusu mwanamke aliyeolewa. Akaendelea kufanya kazi bila malipo. Ule mchoro wa kipepeo unaoonesha madoa yanavyosogea kuelekea ikweta ya jua kila mzunguko wa miaka kama 11, walioutengeneza ni wawili, yeye na mumewe, na pepa ya 1904 ina jina la mume. Kila kitabu cha jua kina mchoro ule. ADS utaihesabu vipi hiyo kwa Annie? Kwa hiyo hata kugawanya kwa idadi ya waandishi kunamsaidia tu yule aliyeandikwa.

Plazma_Mchanga

Nyota_ya_Asubuhi hii sikuijua kabisa, asante sana, naiweka.

Swali la mwisho wakuu, nina dakika ishirini. Siwezi kueleza mamia ya pepa. Nichukue zipi?

KoronaMoto

Chukua tano, na kila moja iseme kitu tofauti kuhusu saitesheni zenyewe, usizipange kwa ukubwa wa namba.

1955, dainamo. Namna jua linavyotengeneza sumaku yake kwa mzunguko na gesi inayochemka ndani. Msingi wa fani nzima, na watu wengi wa leo wanairejea kupitia vitabu badala ya pepa yenyewe.

1957, hiyo ya kuungana upya, umeshaelezwa vizuri hapo juu.

1958, upepo wa jua. Hapa weka grafu ya saitesheni kwa mwaka, chora mistari ya wima kwenye 1962 ya Mariner 2 na 2018 ya Parker Solar Probe, halafu waache wanafunzi wenzako waangalie wenyewe kabla hujasema neno. Waambie pia chombo kile mwaka 2021 kiliingia ndani ya korona kwa mara ya kwanza, na mkesha wa Krismasi 2024 kilipita kilomita kama milioni 6.1 tu kutoka uso wa jua, na wanaochapisha data zake bado wanaanza hesabu zao kwenye mlinganyo ule wa 1958.

1966, ile ya gesi na sumaku kati ya nyota, ambayo ilizaa kinachoitwa kutotulia kwa Parker. Hii iweke kwa sababu wengi wanaoirejea ni watu wa galaksi, sio watu wa jua. Profaili ya mtu ikikupa jumla haikwambii kuwa baadhi ya wasomaji wake wako fani nyingine kabisa.

1988, milipuko midogo sana, nanoflea. Uso wa jua una digrii kama 5,500 na korona juu yake milioni na zaidi, nani anaipasha? Parker akasema ni vijilipuko visivyohesabika, kila kimoja kama sehemu moja ya bilioni ya mlipuko mkubwa. Mpaka leo watu wanatafuta ushahidi, wengine wanakubali wengine wanakataa, na wote wanairejea pepa hiyohiyo. Alikuwa na miaka 60 na ushee alipoitoa, kwa wale wanaodhani mwanafizikia akifika arobaini ameisha.

Mama_Satelaiti

Nimeipenda hiyo ya tano. Namba weka slaidi moja tu, ya ADS, yenye saitesheni za kawaida na zilizogawanywa, kwa Parker na kwa yule mtu wa mwenzako, bila maneno mengi.

Na ile pepa ya 1958 uisome yote kabla ya siku ya semina, usisimuliwe na sisi. Ina kurasa 13 tu, Astrophysical Journal juzuu 128 kuanzia ukurasa wa 664, ADS wameiskani na ni bure kupakua. Milinganyo yake ni ya mwendo wa gesi uliyoisoma digrii ya kwanza. Ukikwama pale ambapo kasi inavuka kasi ya sauti niandikie hapahapa na mlinganyo wenyewe, tuupitie mstari kwa mstari.